Kwa nini programu za marathoni ya kwanza zinaishia km 32? Zile 10 za mwisho nazifanyia mazoezi wapi?

#1 Pumzi Fupi

Habari wakuu. Niende kwenye mada moja kwa moja maana hili jambo linaninyima usingizi.

Najiandaa na marathoni yangu ya kwanza. Nilianza nikiwa na uwezo wa km 8 tu bila kusimama, nikachukua programu ya wiki 16, siku nne kwa wiki, na sasa niko wiki ya 13. Jumapili iliyopita nilipiga km 29 kwa saa 3 na dakika 23, miguu ilikuwa kama imejazwa mchanga ila nilifika. Jumapili hii programu inasema 32 na hapo ndo mwisho, wiki tatu zinazobaki ni kupunguza tu mpaka siku yenyewe.

Sasa nimeangalia programu nyingine tatu nne, zote zinagota hapohapo, 30 au 32. Marathoni ni km 42.195. Mtu unayemfundisha kuogelea avuke mto humwachi katikati ukamwambia mbele utajua mwenyewe. Hizo km 10 ndo kila mtu anasema ndo zenyewe, halafu ndo pekee ambazo sizifanyii mazoezi?

Nina mpango Jumapili hii nisiishie 32, niende mpaka 38 au 40 nijue moja. Wenye uzoefu mnasemaje?

#2 Mguu Mwepesi

Kimbia mkuu, usiulize mara mbili. Mimi wiki nne kabla ya marathoni yangu ya kwanza nilikimbia 42 nzima, peke yangu, na siku ya shindano nilimaliza nikiwa sina wasiwasi wowote maana njia nilikuwa naijua. Usipozionja hizo kilomita mapema utakiona cha mtema kuni. Na Kipchoge mwenyewe mazoezini anapiga 40, iweje wewe uambiwe ziishie 32?

#3 Fundi Saa

#2 hapo kwa Kipchoge umesema nusu ya habari. Ni kweli anapiga 40, ila anazimaliza chini ya saa mbili na nusu halafu anakwenda kulala, kazi yake ndo hiyo. Mleta mada alitumia 3:23 kwa km 29, yaani dakika 7 kwa kilomita. Kwa mwendo huo 40 ni saa 4 na dakika 40. Hata hizo 32 tu ni saa 3 na dakika 44, tayari yuko barabarani zaidi ya saa nzima kumpita Kipchoge kwenye 40 zake. Goti halisomi vibao vya kilomita, linasoma muda na idadi ya hatua.

Halafu tukumbuke huyo mtu alichukua dhahabu ya mita 5,000 Paris mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg 2013, akashinda kwa 2:05:30. Miaka kumi katikati. Mleta mada ana wiki 13.

#4 Kilomita Moja

Mnazunguka sana. 32 imetokana na maili. Maili 20 ukizigeuza unapata km 32.2, basi. Programu nyingi tunazotumia zilitungwa na watu wanaopima kwa maili na 20 ni namba isiyo na mkia, imekaa vizuri kwenye karatasi. Anayetunga kwa kilomita anaishia 30 kwa sababu hiyohiyo. Hakuna siri yoyote ya mwili kwenye 32, kwa hiyo ukipiga 34 au 35 hakuna askari atakayekukamata.

#5 Nesi wa Zamu

#4 kwenye namba sikupingi, ila kusema hakuna cha mwili hapo, hapana.

Miguu inakimbia kwa wanga uliohifadhiwa, unaitwa glaikojeni. Mtu wa kawaida ana gramu 400 mpaka 500 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini. Gramu moja ni kalori 4, kwa hiyo tanki likijaa kabisa ni kama kalori 2,000 na kitu. Na hiyo iliyo kwenye misuli ya mikono haiwezi kuhamia miguuni. Kukimbia kunakula takribani kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 62 km 42 zinamtaka kalori 2,600. Mafuta ya mwili yanasaidia lakini yanawaka polepole, hayawezi kubeba mwendo wote. Piga hesabu mwenyewe uone tanki linakauka wapi: kati ya 30 na 35, palepale wanapokatia moto wengi.

Kwa hiyo ukienda 40 mazoezini unajitumbukiza makusudi kwenye shimo lile, na kutoka humo si kulala usiku mmoja. Misuli ikichanika kiasi hicho unaweza kukaa wiki mbili bila mazoezi ya maana, wakati wewe una wiki tatu tu.

#6 Mguu Mwepesi

Nesi nakuheshimu ila maelezo yako yananiunga mkono mimi. Kama shimo lipo pale 32, basi ndo sababu ya kulizoea! Mwili haujifunzi jambo usilolipitia. Mimi nilikata moto mazoezini nikiwa km 36, nikakaa kwenye ukingo wa barabara kama dakika tano nikaona mwisho umefika, nikainuka nikamaliza. Siku ya shindano ilipokuja hali ileile nikaitambua, nikasema nakujua wewe. Hilo hulipati kwa kusoma programu.

#7 Kiatu Kimoja

Ngoja nikueleze upande wa pili kaka mleta mada, maana nilikuwa na mawazo kama yako neno kwa neno.

Programu yangu iliandika 30. Mwili ulikuwa unajisikia vizuri, nikatoka 27 ya wiki iliyotangulia nikaruka mpaka 38. Nilimaliza, nikajipongeza, nikapiga na picha. Jumatano yake nikaanza kusikia maumivu kwenye ugoko wa kushoto, kwa ndani, sehemu ndogo ambayo ncha ya kidole inaifunika. Maumivu ya misuli yanasambaa, haya yalikuwa pale pale, ukibonyeza unaruka. Nikasema ni uchovu, nikakimbia tena Alhamisi na Jumamosi. Jumapili nilishindwa hata kurukaruka kwa mguu mmoja. Picha ikaonyesha mfupa umeanza kuweka ufa. Wiki nane bila kukimbia, na marathoni ilikuwa ndani ya hizo nane.

Namba ya kifuani ninayo mpaka leo, haina hata tundu moja la pini.

Nilichoambiwa baadaye ni kwamba pumzi na moyo vinapanda haraka, misuli inafuata, mifupa na kano zinakuja nyuma kabisa kwa miezi. Kwa hiyo unafika mahali pumzi inakuambia twende na mfupa bado hauko tayari, na mfupa haupigi kelele mapema.

#8 Mzee wa Alfajiri

Vijana mmezungumza vizuri. Mimi nimemaliza nane, ya kwanza nikiwa na miaka 44.

Kosa mnalofanya wote ni kuitazama Jumapili peke yake. Jumapili ni siku moja kati ya saba. Mtu anayekimbia km 50 kwa wiki akapiga 32 siku moja, hiyo siku imebeba karibu theluthi mbili ya wiki nzima, tayari ni mzigo wa upande mmoja. Mtu wa km 90 kwa wiki 32 kwake ni ya kawaida. Ndugu wawili makocha wa Marekani, akina Hanson, programu yao maarufu inaishia kama km 26 tu, lakini unafika kwenye hiyo 26 ukiwa umekimbia siku zote zilizotangulia, miguu imechoka tayari, kwa hiyo unachofanyia mazoezi ni zile 26 za mwisho, sio za kwanza. Mleta mada swali lako la "zile 10 nazifanyia wapi" jibu lake linaweza kuwa hapo: Jumamosi piga 12 za pole, Jumapili ukianza unaanza na uchovu mfukoni.

Lakini pia alikuwepo Arthur Lydiard wa New Zealand, yeye aliwakimbiza watu wake km 160 kwa wiki na Jumapili kama 35 za milima, hata Peter Snell aliyeshinda mita 800 Olimpiki ya Roma 1960 alipita humohumo. Kwa hiyo njia si moja.

#9 Chura Mkavu

Naomba kuuliza, si kuna ile sheria ya asilimia kumi? Kwamba usiongeze zaidi ya 10% kwa wiki? Kutoka 29 kwenda 32 ni hiyohiyo. Kutoka 29 kwenda 40 ni karibu 38%. Si limeisha hapo?

#10 Fundi Saa

@Chura Mkavu halijaisha. Hiyo sheria ni nzuri kwa kuzuia pupa ila haina msingi mzito kama inavyosemwa. Kuna utafiti wa Groningen, Uholanzi, ulichapishwa 2008, waliwagawa wanaoanza kukimbia makundi mawili, moja likapanda kwa 10% polepole na jingine likapanda haraka zaidi. Walioumia walikuwa kama mmoja kati ya watano kwenye makundi yote mawili. Ila wale walikuwa wanajiandaa na maili 4, sio marathoni, kwa hiyo usiichukue ukaruka nayo mpaka 40.

#11 Kilomita Moja

Kwa hiyo mpaka sasa tuna sababu tano: maili, tanki, mfupa, muda na wiki nzima. Na Mguu Mwepesi bado anasema kimbia.

#12 Mguu Mwepesi

Bado nasema.

#13 Pumzi Fupi

Asanteni sana wakuu, sikutegemea majibu haya. Kwanza @Kiatu Kimoja mimi ni dada sio kaka, na pole sana kwa ile namba, imeniuma kweli.

Mambo mawili. La kwanza, Nesi nimepima kilo ni 64 kwa hiyo hesabu yako inanihusu. Nimejaribu jeli (ile ya wanga ya kumeza ukikimbia) mara mbili, mara zote tumbo liligoma, moja nilitapika kabisa km 22. La pili sikulisema mwanzoni kwa sababu nilijua mtanizuia: baada ya km 20 nje ya goti la kulia kunaanza kuuma. Nikisimama linaacha. Nikishuka ngazi siku inayofuata linarudi.

#14 Kiatu Kimoja

Samahani dada.

Sasa hilo la goti ndo lilitakiwa liwe bandiko la kwanza. Nje ya goti, linaanza baada ya umbali uleule, linasumbua kwenye kushuka, hiyo inafanana sana na ule mshipi mgumu unaoshuka nje ya paja kutoka nyonga mpaka chini ya goti. Sio ufa kama wangu, ila ukilisukuma mpaka 40 unaweza kulifanya likukamate km 12 badala ya 20. Muone mtaalamu wa viungo wiki hii kabla ya Jumapili. Na imarisha nyonga: lala ubavu, inua mguu wa juu polepole, mara 15, pande zote mbili. Utaona upande unaouma ndo unatetemeka.

#15 Nesi wa Zamu

Naunga mkono #14, nenda kaonwe.

Kuhusu jeli: ulikunywa na maji au kavu? Na ulianza lini? Wengi wanasubiri mpaka wamechoka ndo wanameza, wakati huo damu yote iko miguuni, tumbo limefunga. Anza dakika ya 40, nusu jeli, maji mafunda mawili matatu, halafu nusu nyingine baada ya dakika 15. Lengo gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Tumbo nalo linafundishika kama miguu, na hiyo ndo kazi kubwa ya mbio ndefu kuliko hata kilomita zenyewe.

Na usijijaze maji kwa hofu. Kwenye marathoni ya Boston 2002 walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni, asilimia 13 sodiamu yao, yaani chumvi ya kwenye damu, ilikuwa imeshuka, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni waliokunywa mpaka wakaongezeka uzito na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Wewe utazidi saa nne. Kunywa ukiwa na kiu.

#16 Mguu Mwepesi

Goti linabadilisha mambo, hapo narudi nyuma hatua moja, sikujua. Ila dada nakuomba kitu kimoja, siku ya shindano usitembee. Ukianza kutembea tu marathoni imekwisha, sio marathoni tena hiyo.

#17 Mzee wa Alfajiri

Hapo hapana kijana, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limewakatisha tamaa watu wengi wazuri. Jeff Galloway alikimbia mita 10,000 Olimpiki ya Munich 1972, na miaka ya sabini hiyohiyo akaanza kuwafundisha wanaoanza kupokezanisha kukimbia na kutembea, dakika chache hivi dakika moja vile, kuanzia mwanzo kabisa kabla hujachoka.

Na John Stephen Akhwari Mexico 1968? Alianguka katikati ya njia, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea, kuna mahali anakimbia kuna mahali anatembea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde kushinda, giza limeshaingia, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Nani atamwambia yule mtu kwamba hakukimbia marathoni?

#18 Mguu Mwepesi

Shikamoo mzee. Kwa Akhwari nanyamaza.

#19 Chura Mkavu

Mi nilijua tu umbali wenyewe umewekwa na yule mjumbe wa Ugiriki aliyekimbia mpaka akafa, 42.195 kamili ndo alizokimbia.

#20 Kilomita Moja

Hapana. Olimpiki ya Athens 1896 walikimbia kama 40 tu. Hii 42.195 ni njia ya London 1908, na ikafanywa rasmi 1921. Kwa hiyo dada ungekuwa unajiandaa na ile ya 1896 programu yako ingebakiza nane badala ya kumi.

#21 Pumzi Fupi

Nimerudi na mrejesho.

Ijumaa nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, akasema ni ule mshipi wa nje ya paja kama alivyosema Kiatu Kimoja, nyonga ya kulia ni dhaifu. Akaniruhusu 32 kwa sharti nisimame maumivu yakizidi tano kwenye kumi. Jumamosi sikukimbia kabisa, mzee nisamehe.

Jumapili nikaanza alfajiri. Nusu jeli dakika ya 40, nikaendelea hivyo, tumbo kimya. Goti liliamka km 24 badala ya 20, nikatembea dakika moja kila baada ya dakika tisa, likabaki kama tatu kwenye kumi. Km 30 vidole vilikuwa vinatetemeka, jeli ya mwisho nikaichana kwa meno. Saa ilipoandika 32.00 nilisimama nikiwa nimeshika kitufe. Nilikuwa na nguvu za kwenda mbele, kiukweli nilikuwa nazo. Nilisimama pale kama dakika nzima naitazama njia inayoendelea, halafu nikabonyeza. Jumla 3:41.

Swali langu la mwanzo bado ninalo, sijui kama niliacha kitu pale au nilikiokoa.

#22 Mguu Mwepesi

Uliacha. Zingekuwa 35 tu ungelala vizuri zaidi. Ila hongera sana dada, kutoka 8 mpaka 32 sio mchezo.

#23 Nesi wa Zamu

Umeokoa. Kama ulikuwa na nguvu km 32 maana yake wanga uliingia, ndo jibu nililokuwa nalisubiri.

#24 Fundi Saa

Hafu yako bora (nusu marathoni) ni ngapi? Tukupangie mwendo wa kuanzia.

#25 Pumzi Fupi

2:08, mwezi uliopita.

#26 Fundi Saa

Kwa fomula ya Riegel, ile ya kukadiria muda wa mbio ndefu kutokana na mbio fupi, hiyo inakupa 4:27, lakini kwa anayekimbia marathoni ya kwanza na km 50 kwa wiki fomula ile ina matumaini mno. Mi naona 4:40 hivi.

#27 Mzee wa Alfajiri

Anza na 6:45 kwa kilomita, km 10 za mwanzo ziwe za kuudhi kwa upole wake, watu watakupita, waache. Ukibaki na kitu baada ya 32 ndo uongeze. Na kata kucha siku tatu kabla, sio usiku wa kuamkia.

#28 Kiatu Kimoja

Dada leo usikimbie, kesho pia. Kesho asubuhi shuka ngazi polepole, mguu wa kulia utangulie kisha wa kushoto, halafu tuambie goti linasemaje.

#29 Pumzi Fupi

Nimeshuka leo asubuhi. Ngazi 14, mguu kwa mguu, bila kushika ukuta. Kimya.